Siku Kelele ya Mashine Ilipopimwa

Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Ukungu haukuondoka hapa Lizaboni mpaka saa nne.

Nimeshangaa kiasi kwamba naandika kabla sijaosha unga kichwani.

Mzee Mapunda, mwenye mashine ya kusaga ninakofanya kazi, anataka kuongeza mashine ya pili. Siku hizi mwenye mtaji wake anaruhusiwa kupanua biashara, na mahindi ni mengi. Ila kabla ya kibali lazima pakaguliwe. Basi akaja mkaguzi, dada mmoja mwembamba, mkononi ana kidude kama redio ndogo chenye kichwa cha sponji. Akasema ni kipimo cha kelele.

Nilicheka kimoyomoyo. Kelele nayo inapimwa? Kwani ni mahindi ya debe?

Xaveri, fundi wetu, akawasha injini. Yule dada akaja pale pale ninaposimama kumimina mahindi, akakiinua kidude karibu na sikio langu. Mshale ukaruka. Desibeli tisini na nane, akasoma. Akaenda nacho mlangoni wanakosubiri wateja, ukashuka. Akarudi kwangu, ukapanda tena.

Miaka mitano nimesimama ndani ya kitu kile. Leo nimekiona kwa macho.

Injini ilipozimwa akatuambia kwamba mtu akishinda kutwa penye zaidi ya themanini na tano, masikio yanaanza kuumia. Nikasema mbona tumezidisha kumi na tatu tu.

"Hazihesabiwi hivyo, dada," akanijibu. "Kila zikiongezeka tatu, nguvu inayoingia sikioni inakuwa mara mbili."

Nikahesabu kwa vidole. Mbili, nne, nane, kumi na sita, na bado moja imebaki. Akasema ndani ya sikio mna vinywele vidogo mno, ndivyo vinavyosikia, na kelele huviua.

Vikifa, havioti tena.

Mzee Mapunda akajitetea kwamba huwa anatupa pamba. Dada akasema pamba ya kawaida haizuii kelele ya namna hii. Akatoa vizibo vya sponji, vya kuviringisha kwa vidole visafi na kusukuma ndani ya sikio. Akatazama mikono yangu, nami nikaitazama. Tukacheka wote. Akatoa basi vifunika masikio, mfano wa vile wanavyovaa watangazaji wa redio. Xaveri akawasha tena, nikavivaa juu ya kitambaa changu cha kichwa, mashine ikanguruma vile vile. Akapitisha kidole pembeni: kitambaa kimeacha nafasi. Nikakifunga upya nyuma ya masikio, nikavaa tena.

Mashine ikaenda mbali, kama imehamishiwa ng'ambo ya bonde. Nilitaka kulia, na sijui kwa nini.

Xaveri akawa na wasiwasi. "Nitasikiaje mkanda ukianza kuteleza?" Dada akasema ndiyo maana hakutuchagulia vile vizito kupita kiasi, mtu asiyesikia chochote naye yumo hatarini. Xaveri akavaa, akasikiliza injini, akainua dole gumba. Mzee Mapunda amekubali kuvinunua, na injini itahamishiwa nje, nyuma ya ukuta.

Injini ikazimwa, nikavua vifunika, nikadhani tumemaliza. Kumbe yule dada amesimama nyuma yangu. Nilijua tu kwa jinsi Xaveri alivyokuwa akinitazama.

"Anastazia," Xaveri akaniambia, "amekunong'oneza jina lako mara tatu."

Niseme ukweli hapa. Nilijua. Mwaka mzima nimekuwa nikiitikia "ndiyo" kwa mambo ambayo sikuyasikia, nikijiambia ni uchovu.

Jioni nimemkuta mama jikoni akichambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia yote: kipimo, vile vinywele, jina langu lililoitwa mara tatu. Kisha akapaza sauti, yeye ambaye tangu nizaliwe huongea taratibu.

"Mimi nilidhani umenichoka, mwanangu."

Akavuta kigoda chake mpaka karibu kabisa na sikio langu, akaniwekea ungo wa maharage mapajani, akaanza kunisimulia upya habari za mwaka mzima.