Programu ya Kumsemea Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaendelea vizuri, na yule mdogo mafua yake yamemwisha. Huku sisi tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nimetia chumvi, nikisema tunaumwa nitakuwa nimekutisha bure. Baba anakula, analala, anaangalia dirishani. Mimi naamkia kiwandani kwenye mikate, narudi, nampikia, namgeuza, nalala. Ukiniuliza najisikiaje, sijisikii chochote.

Lile uliloniagiza nimelifanya. Tangu kiharusi kimfunge baba ulimi, daktari amekuwa akisema huenda haelewi mengi, na ile nyumba ya kutunzia wazee tuliyokubaliana mimi nawe kwenye simu aende haipokei mtu asiyeweza hata kuomba maji. Msimamizi wa nyumba hiyo alisema baba akiweza kuandika neno kwenye kompyuta na kompyuta ikamtamkia, kitanda ni chake. Ukanitumia programu, ikabaki mimi kuiweka kwenye ile kompyuta ya mezani kabla mwezi haujaisha.

Nilidhani ni kubonyeza tu. Nilipobonyeza, kompyuta ikasema kuna kitu kingine kinachotakiwa kiwepo kwanza. Nikakitafuta mtandaoni, nacho kikadai kingine. Kila dirisha lililofunguka nililiitikia "sawa" bila kusoma, mpaka programu ikagoma kabisa. Nikamwita fundi wa duka la kompyuta hapa chini, yule tunayemwita Tutafika kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Alicheka, akasema programu haiji peke yake, huja na ukoo wake, na mimi nimewakaribisha wajukuu kabla ya babu. Nilikuwa nimeweka toleo jipya la kitu ambacho programu ilikitaka cha zamani. Akafuta vyote akaanza upya, kimoja baada ya kingine, na kila akimaliza kimoja aliizima kompyuta na kuiwasha tena. Alisema haraka haraka haina baraka, nami sikuwa na nguvu za kubisha.

Programu ikafunguka. Tulipoandika "naomba maji" ikasoma kwa matamshi ya kigeni, kama mtu aliyeungua ulimi. Kumbe hata sauti ya Kiswahili huwekwa kivyake. Tutafika akaipata, ni ya kike, ina adabu kama ya dada wa mapokezi. Muda wote huo baba alikuwa kwenye kiti chake, amegeukia dirisha, sisi tunaongea juu ya kichwa chake. Fundi akamtengenezea vitufe vikubwa kwenye kioo: maji, choo, maumivu, asante. Tukamgeuza, tukamsogezea meza ili tujaribu.

Baba hakugusa hata kimoja cha vitufe hivyo. Aliandika kwenye kibodi kwa kidole cha mkono wa kushoto, herufi moja, anapumzika, herufi nyingine. Tutafika akaninong'oneza kwamba labda mzee hajaelewa. Kisha yule dada wa kwenye kompyuta akasema: niliwasikia kwenye simu, siendi.

Fundi alikusanya vifaa vyake akaaga kwa sauti ya chini. Mimi nikaketi. Nilingoja nilie, au nikasirike, maana kaka, mimi nimechoka, na kile kitanda cha baba ndicho kilichokuwa usingizi wangu mimi. Halikuja lolote. Nikaenda kuchota maji, nikamwosha miguu kama kawaida.

Sasa nikwambie nililolifanya. Kesho yake msimamizi alipiga simu kuuliza tumefikia wapi. Nilimjibu kwamba imeshindikana, kompyuta ni kuukuu, na baba bado hawezi kuomba chochote. Akatupa pole, akampa kitanda mtu mwingine. Programu inafanya kazi vizuri sana, kaka. Ningesema kweli, wewe ungesisitiza tumpeleke, na kwa uchovu huu ningekubali. Nimedanganya nikiwa na akili zangu timamu, na mpaka sasa nangoja nijute. Ukikasirika ni haki yako. Ila usimpigie msimamizi. Mpigie baba, muulize unalotaka kumuuliza, halafu unyamaze, kwa sababu majibu yake huchukua muda.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Hapa ndipo huwa naandika kwamba baba anakusalimu. Tangu augue nimekuwa nikikutungia. Safari hii nimemuuliza. Ameandika mpaka chai yake ikapoa, na yule dada akasema salamu zako zipo, uje uzichukue mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki nyumbani.