Jina Lililotoka Speyer, na Langu

Jumatatu, 4 Agosti

Majora kumi na tisa kwenye meza leo. Manne yana kasoro. Moja uzi umekatika toka mwanzo mpaka mwisho, na fundi wa mashine ananiambia ati ni macho yangu. Miaka ishirini na sita nakagua vitambaa hapa Eneo la Viwanda. Macho yangu hayana shida.

Mwanangu Kimani amepiga simu saa ya chakula. Baba ya Tamar, mke wake, anakuja Alhamisi kutoka Johannesburg. Atakaa nao Mugutha mpaka mtoto azaliwe. Nikasema karibu sana. Moyoni sikusema hivyo.

Imebaki mwezi mmoja. Ni msichana. Msichana wa kwanza wa mtoto wangu wa pekee, kwa hivyo ni mimi. Kwetu hilo halijadiliwi. Msichana wa kwanza huitwa mama ya baba yake. Nyambura. Nimengoja hii siku toka Kimani aanze kubadilika sauti.

Nimepitia sokoni nikanunua njahi, yale maharagwe meusi, kilo nne, za kumpikia Tamar akishajifungua.

Jumapili, 10 Agosti

Mugutha baada ya kanisa. Nimemwona. Mzee mrefu, mwembamba, alikuwa anauza dawa kwenye duka lake kabla ya kustaafu. Mikono baridi. Anaongea pole pole ili nielewe Kiingereza chake. Naelewa vizuri kuliko anavyofikiria.

Amekuja na picha ya marehemu mke wake, Miriam. Wameiweka juu ya kabati, pale picha yangu na Kimani ya siku ya kuhitimu ilikuwa. Yangu imesukumwa kando, karibu na chaja. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Tukamaliza kula, akakunjua karatasi. Ndefu, imejaza meza ikaning'inia pande zote. Ni ukoo wao, kina Shapira. Akaanza kueleza. Kuna mji Ujerumani unaitwa Speyer. Wayahudi waliishi huko, wakafukuzwa, wakaondoka na jina la mji. Wakaenda mashariki, mpaka Poland, mpaka Lithuania. Kila nchi ikaliandika vile inavyotaka. Spira, Spiro, Szapiro, Shapiro. Kisha meli. Marekani, Argentina, Australia, Israel. Babu yake akashukia Afrika Kusini. Kuna wengine, anasema, wanabisha, ati si mji, ni neno la kale la kusema mtu ni mzuri. Yeye anaamini ni mji.

Mimi nikawaza, nani anabeba jina la mahali alipofukuzwa? Wanifukuze Thika leo, nijiite Thika?

Lakini nilikuwa nawaza hivyo kwa sababu ya wivu. Acha niandike ukweli, hii ni daftari yangu. Jina lake limefika kila bara. Langu halijafika Mugutha.

Jumatano, 13 Agosti

Wairimu amekuja kunywa chai. Dada yangu hajui kukaa dakika kumi bila kutaja wajukuu. Wairimu wa Nakuru amepita mtihani. Wairimu wa Juja amepata chumba karibu na chuo. Wairimu wa Qatar ametuma picha. Sita. Dada yangu yuko mahali sita, na bado amekaa kwa kiti changu anamaliza mkate.

Akauliza, "Na wako ni lini?" Nikasema Septemba. Akasema afadhali, alikuwa ameanza kufikiria jina langu litazikwa na mimi. Akacheka. Nikacheka pia. Nilitaka kumwagia hiyo chai.

Najua kina Nyambura ni wengi, ukiita jina hilo hapa Makongeni wanawake kumi watageuka. Lakini hakuna hata mmoja anayetoka kwangu. Tamar ana miaka arobaini na moja. Daktari amewaambia wasitegemee mwingine. Ni huyu tu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeharibu. Au wao wameharibu. Sijui.

Tulikuwa mezani. Nilikuwa na furaha, nikaona niwe mkarimu. Nikamwambia yule mzee, usijali, kwetu kuna foleni na kila mtu ana nafasi yake. Huyu ni Nyambura, ni mimi. Mungu akiwafungulia tena, kuna wa mke wako Miriam. Akija mvulana wa pili ni wewe mwenyewe. Utazaliwa upya ukijiona.

Kwetu hakuna zawadi inapita hiyo.

Mzee akaweka kijiko chini. Uso ukawa mweupe zaidi ya vile ulivyo. Tamar akamshika mkono, wakaongea kidogo kwa sauti ya chini. Kimani anaangalia sahani tu.

Ndipo Tamar akanieleza. Kwao mtoto haitwi jina la mtu aliye hai. Haifanywi kabisa. Ni kama kumwambia huyo mtu ameshaishi vya kutosha, aondoke apishe mwingine. Wazee wao walisema malaika wa mauti akija na jina anaweza kuchanganyikiwa, achukue asiyemtaka. Mtoto huitwa jina la aliyekufa. Walikuwa wamefikiria Miriam.

"Tulikuwa tutakwambia, Mum," Kimani akasema.

Lini? Kwa ubatizo ambao Wayahudi hawana?

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepitisha jora lenye doa. Mara ya kwanza kwa miaka. Msimamizi amenirudishia mbele ya watu.

Nina wivu na mwanamke aliyekufa. Sijawahi kumwona. Hajanikosea. Ameshinda kwa sababu amekufa, na mimi nimeshindwa kwa sababu napumua. Hii ni hesabu gani? Kwao ningekuwa nimezikwa pale Murang'a na mume wangu, ningepewa.

Na Kimani. Nilimlea peke yangu toka darasa la pili, na hii kazi ya kusimama. Angemwita mtoto wake maitu, mama yangu, kila asubuhi. Hicho tu ndicho nilichotaka.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilienda kuwapelekea mboga. Nilipobaki peke yangu sebuleni nikachukua picha ya Miriam nikaiweka nyuma ya televisheni. Ya kwangu nikairudisha katikati. Nikaaga haraka.

Mama mzima wa miaka hamsini na saba.

Jumapili, 24 Agosti

Picha yake imerudi. Yangu nayo haijasukumwa. Zote mbili ziko katikati, zimebanana. Tamar akaniuliza tu kama chai ina tangawizi ya kutosha. Angenigombeza ningejua la kufanya.

Alhamisi, 28 Agosti

Sijaenda. Sijapiga. Kimani amepiga mara tatu, nikashika ya tatu. Nikasema niko kazini. Nilikuwa kitandani na soksi.

Jumamosi, 30 Agosti

Nilienda Mugutha nikiwa nimeamua kusema. Kimani ni Mkikuyu, mtoto ni wa Kimani, jina ni langu. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani.

Tamar na Kimani walikuwa wameenda kliniki. Mzee yuko peke yake na karatasi yake mezani, anaandika kwa penseli. Akanitolea kiti. Sikutaka kukaa. Nikakaa.

Nikaiangalia hiyo karatasi kwa sababu sikutaka kumwangalia yeye. Na mimi nikiangalia kitu, naona kasoro kabla ya kuona rangi. Kila jina lina mstari unashuka kwa mtoto. Lakini upande mmoja, chini ya mji wa Lithuania, kuna majina kumi na saba na hakuna mstari unaoshuka. Yote yameishia mahali pamoja. Wazee, watoto, wote kiwango kimoja. Uzi haukatiki hivyo wenyewe.

Nikaweka kidole. Nikauliza hawa ni nini.

Akasema hawa ni waliobaki babu yake alipopanda meli. Vita ilipokuja waliuawa pamoja, kwa siku chache. Hakubaki mtu wa kuzaa wala wa kuita mtoto jina lao. Kwa hivyo wale wa Johannesburg wamekuwa wakiwachukua mmoja mmoja. Mtoto akizaliwa, wanatoa jina moja pale. Wametoa manne. Akanionyesha moja lililozungushiwa duara. Tamar, miaka sita. Ni binamu ya baba yake.

Tamar wetu ni huyo.

Sikusema yale maneno yangu. Nikamuuliza, basi na mimi? Akaelewa. Akasema wakiamua Nyambura hatapinga, mtoto ni wa watu wawili. Ataogopa tu. Nikamuuliza ataogopa nini. Akasema, "Kwa ajili yako, Mama Kimani. Si ninakujua sasa?"

Nimerudi nyumbani na hasira kwa sababu amenichukulia hata hasira. Nilikuwa naitegemea.

Jumanne, 2 Septemba

Wairimu amepiga. Amesema nisikubali. Amesema watu watasema Kimani ameolewa. Amesema mambo mengi. Kwa mara ya kwanza nilitamani angekuwa na wajukuu wachache.

Lakini yuko sawa pia. Hilo ndilo linaniuma. Kwetu, bibi asiye na wa kumwita jina ni kama hakupita hapa. Mimi sikufundishwa tofauti, na sitajifanya nimefundishwa tofauti kwa sababu mzee mmoja ana karatasi.

Alhamisi, 4 Septemba

Amezaliwa saa mbili asubuhi hospitalini hapa Thika. Kilo tatu. Nywele nyingi. Nilitoka kazini na aproni.

Ana masikio yangu, haya madogo yaliyolala. Muuguzi akasema, "Huyu ni cucu mzima," yaani bibi yake mtupu.

Mchana wakaleta fomu. Kimani akakaa kando yangu nayo. Amechoka, ndevu zimeota. Akasema wameongea na Tamar na wamekubaliana. "Mum, sema wewe. Utakalosema ndilo nitaandika. Na hakuna mtu atakasirika."

Mzee alikuwa kwa korido. Alitoka nje makusudi ili nisimwone uso.

Nilikuwa nalo mdomoni. Haki, lilikuwa limefika kwa meno. Tamar akasema kutoka kitandani, kwa kile Kiswahili chake cha polepole, "Mama, niseme moja halafu ninyamaze. Mimi nilitaka jina lako lisipewe mtu. Miaka mingi, mingi. Mtoto aje akuone wewe, ukiwa hai bado."

Akageukia ukuta.

Mimi nimeombewa vitu vingi kanisani. Afya, riziki, uvumilivu baada ya mume. Hakuna mtu amewahi kukaa na shida zake mwenyewe akafikiria vile mimi nisife.

Nikamwambia Kimani andika Miriam. Nikasema haraka.

Akaandika. Mkono wake ukaenda kwa nafasi ya katikati, akasimama, akaandika Shapira. Mzee hakuwa ameomba. Mwisho akaandika lake. Miriam Shapira Kimani. Kwa hivyo wamepata mawili, na mimi sijapata hata moja.

Mzee akaingia akaisoma fomu. Akavua miwani akaifuta, akavaa, akaivua tena. Hakunishukuru. Angenishukuru ningeondoka.

Nikaenda choo cha hospitali nikalia kwa wivu. Si kwa furaha. Naandika hivi ili nikija kusema baadaye nilikuwa na moyo mkubwa, daftari inikatae.

Jumatatu, 8 Septemba

Wairimu amekuja kuona mtoto na nanasi mbili. Akauliza anaitwa nani, na anajua. Nikasema Miriam. Akasema, "Na wewe ukakubali." Nikasema ndiyo. Akaniangalia vile unaangalia mtu aliyeuza shamba.

Akipita kwa mlango akaniambia niko sawa tu, nisijali. Afadhali angenichokoza.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Nimeshinda Mugutha. Mzee aliondoka Ijumaa. Kabla ya kuondoka alinionyesha karatasi. Ameongeza mstari mpya upande wa chini, na mwisho wake ameandika Thika. Kando ya Kimani ameandika jina langu lote, na siku ya kuzaliwa tu. Baada yake, pa siku ya kufa, ameacha nafasi wazi, nyeupe. Nikaelewa.

Jua limetoka leo. Kimani alikuwa nje anafua. Tamar akaniachia mtoto akaenda kuoga.

Nilikuwa nimepanga hili toka hospitalini. Nikibaki naye peke yangu, nimwite jina langu. Mara moja tu, kwa sikio. Hakuna atakayejua, na yeye hatakumbuka. Nilikuwa na haki hiyo.

Nikasikia maji yamefunguliwa bafuni. Nikamwinua, nikaweka mdomo kwa hilo sikio dogo lililolala kama langu. Nikavuta pumzi.

Nikamwita Miriam.

Akapiga chafya. Nikamfunika vizuri, tukakaa.