Filimbi Yako Anayo Chantal

Espe,

Nianze na habari ambayo wewe unaijua kabla yangu: filimbi yako anayo Chantal. Ni wewe uliyesema apewe, na ndiyo maana nimekaa wiki sita bila kukuandikia. Nilikuwa nimekununia. Maman yangu anasema marehemu hanuniwi, anaombewa. Lakini maman yangu hakuwahi kuwa binome wako.

Nimekaa kwenye zile ngazi za nyuma ya shule, tulipokuwa tunakula mandazi na kutazama ziwa. Ni Jumatano. Wenzetu wa brigedi ya huduma ya kwanza wanaanza kukusanyika kiwanjani kwa mazoezi ya machela, na mimi nimejificha kidogo na daftari hili. Nina muda mpaka filimbi ilie.

Mengi yamebadilika. Wale wadogo wa mwaka wa kwanza wameongezeka, sasa mashati ya buluu hayatoshi, wengine wanafanya mazoezi na fulari tu shingoni, juu ya nguo za shule. Mvua ilipoanza tulizibua mifereji yote kuanzia mlangoni mpaka barabara ya chini. Papa Déo amenyoa ndevu, anaonekana kama mdogo wake mwenyewe. Na fulari yangu hainuki tena sambaza.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Unakumbuka desturi yetu: hakuna anayejifunga fulari mwenyewe. Papa Déo alitufundisha hivyo siku ya kwanza kabla hata hajatuonyesha bandeji. Unasimama mbele ya binome wako, mwenzako wa kazi, yeye anakufunga, wewe unamfunga, kisha ndipo mnatoka kwenda kusaidia watu. Na wewe kila Jumatano ulikuja ukitoka kumsaidia maman wako kupanga sokoni sambaza zake, vile visamaki vya ziwa, vidole bado vina harufu. Nilikuwa nalalamika. Nilikwambia wagonjwa watanikimbia. Ukanifunga huku unanitekenya kidevu, na kwa miaka mitatu shingo yangu ikanuka samaki. Chantal ananawa na sabuni, Espe. Mikono yake haina harufu yoyote, nami nachukia hata hilo.

Sasa niseme lile ambalo sikuwahi kukwambia.

Siku uliyochaguliwa kiongozi wa brigedi, mimi ndiye niliyekufunga. Nilijua bandeji kuliko wewe. Wewe ulichanganya kifundo cha mguu na kiwiko kwenye mtihani, ukacheka, na Papa Déo akacheka nawe. Mimi nilipata alama zote na hakuna aliyecheka na mimi. Basi nilipokufunga asubuhi ile, mikono yangu ilifanya fundo la uongo. Kulia juu ya kushoto, tena kulia juu ya kushoto. Kwa macho ni sawa na lile la kweli, ila mtu akitembea hatua kadhaa linalegea. Ulipofika mbele ya mkuu wa shule kuvishwa filimbi, fulari ikaanguka chini. Nilingoja uone aibu. Wewe ukaiokota, ukaipiga vumbi, ukaivaa kichwani kama maman anayeenda shamba, na kiwanja kizima kikakupenda zaidi. Nilikwambia kitambaa kilikuwa kinateleza. Ulinitazama kidogo, ukasema ni kweli, kinateleza.

Basi nilikuwa na wivu tangu wakati ule, na Chantal alipokuja mwaka jana kutoka Shabunda na lile sanduku lake la bati, wivu ukapata chakula. Wenzetu walimcheka jinsi anavyosema. Wewe ulimwita akae nasi hapa hapa ngazini, pale ninapokaa sasa, ukampa mandazi yako. Mandazi yangu hukuwahi kuniomba, lakini yako ulikuwa unanigawia mimi. Siku ile uligawa vipande vitatu, na cha kwanza kikaenda kwake. Utasema ni kipande cha mandazi tu. Najua. Bado nakikumbuka kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Kisha ukaugua. Walisema homa ya matumbo, na kwamba tulichelewa kukupeleka. Papa Déo alinivisha filimbi yako, kwa siku hizi tu, akasema, mpaka Espe arudi. Nami nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha maman, wewe ukiwa umelazwa. Kesho yake nilikuja kukuona na filimbi nimeitoa juu ya shati. Ningeweza kuiacha nyumbani. Nilitaka uione.

Nilimkuta Chantal amefika kabla yangu. Alikuwa ameshika beseni, umetoka kutapika, na mkono wake mwingine uko mgongoni kwako. Espe, niliona wivu juu ya beseni. Wewe ulikuwa huna hata nguvu za kukaa, ukaiona filimbi, ukatabasamu. Ukasema: "Inakufaa, Nabintu. Lakini usipulizake sana, utaumiza batoto masikio."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Jumamosi asubuhi ulikuwa umekwenda.

Maman wako alitaka uvae sare. Tuliingia chumbani tulimokuwa tumekulaza, yeye, shangazi yako, Chantal na mimi. Shati la buluu lilikuwa limekuwa kubwa kwako. Ilipofika fulari, Chantal akanyoosha mkono, naye alikuwa analia, hakuwa na ubaya wowote. Nilimsukuma kwa kiwiko. Mbele yako, mbele ya maman wako. Maman akaniangalia, akanipa kitambaa, akasema: "Wee njo utamufunga. Alikuaka anasema hakuna mwenye anafungaka sawa wee."

Nikakufunga. Nitarudi hapo.

Baada ya mazishi Papa Déo aliniita ofisini na kuniomba filimbi. Akasema ulimwambia hospitalini kwamba usiporudi, apewe Chantal, na Chantal na mimi tuwe binome. Alinieleza na sababu. Kwamba kiongozi hagusi mgonjwa: anasimama, anatazama, anagawa kazi, anapuliza. Kwamba wewe ulisema mikono ya Nabintu isifungwe na filimbi. Ni maneno mazuri, lakini siku ile nilisikia jina tu. Nikaitoa shingoni nikaiweka mezani. Nilitoka pale nikiwa nimekukasirikia wewe kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu aliye hai.

Wiki iliyopita yalikuwa maandamano ya shule, yale uliyokuwa unayasubiri. Wazazi walikuwa wamejaa mpaka ukutani. Chantal akasimama mbele yangu, akainua kidevu, akangoja. Nikamfunga. Kulia juu ya kushoto, tena kulia juu ya kushoto. Sikusita. Akilini mwangu niliiona fulari ikianguka kabla haijaanguka shingoni kwake, na nilikuwa na hamu kabisa.

Ikaanguka tulipofika karibu na ngazi za mbele. Watu wakacheka. Chantal hana akili yako ya kuwachekesha watu, yeye aliinama tu akaiokota, uso umemwiva. Na wakati huo huo mtoto mmoja wa kike wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa anakimbia kuja kutuona, akateleza kwenye tope la ngazi akaangukia mkono. Nilisikia jinsi alivyolia, nikajua si mchezo.

Chantal alipuliza mara moja. Aliwarudisha watu nyuma, akawatuma wawili wakalete machela. Fulari ilikuwa bado mkononi mwake. Akaikunjua ikawa pembetatu, akanipa mimi, akasema: "Funga." Halafu akasimama kando, kama kiongozi anavyotakiwa.

Nilimshika yule mtoto mkono, umeshavimba juu ya kifundo. Nikampitishia kitambaa chini, nikakileta begani. Na vidole vyangu, Espe, vikaanza kulia juu ya kushoto, vikataka kurudia. Vilikuwa vimezoea uongo kwa asubuhi moja tu. Nikasimama. Nikafungua, nikaanza upya, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, pembeni ya shingo, si juu ya mfupa. Mtoto akanyamaza. Tulimpeleka kituo cha afya, na mkono haukucheza njia nzima.

Tuliporudi, Chantal na mimi tulikuwa peke yetu nyuma ya wenzetu. Shingo yake ilikuwa wazi, maana fulari yake tuliiacha na mtoto. Nilitaka kusema kitambaa kinateleza. Mdomo ulikuwa tayari. Yeye akatangulia, bila hasira: "Espe aliniambiaka. Alisema utanifunga mubaya mara moja tu, kisha utanifunga muzuri mupaka mwisho."

Nililia pale barabarani, watu wanapita na vikapu vyao.

Kwa hiyo ulijua. Miaka yote ulijua, ukasema ni kweli kinateleza, na Jumatano iliyofuata ukaniinulia kidevu tena kama kawaida. Ningefurahi kukwambia kwamba nilipolia, wivu uliisha. Haukuisha. Jambo la kwanza nililofikiri ni hili: kwa nini ulimwambia yeye, hukuniambia mimi? Mlikaa wapi mkizungumza juu yangu? Ulimwambia nini kingine? Ana maneno yako ambayo mimi sina, na nitayatoa kwake moja moja hata kama itachukua mwaka mzima. Jana nimeanza. Nilimpa nusu ya mandazi yangu, ile ndogo, akanisimulia jinsi ulivyoniigiza ninavyosahihisha bandeji za watu. Anasema uliniigiza vizuri sana. Nilicheka, kisha nikakununia tena kidogo.

Filimbi imelia. Anaipuliza mara mbili, fupi, si kama wewe. Kusema ukweli haiumizi masikio.

Naenda. Atakuwa amesimama ananingoja na fulari mpya mkononi, na nitamfunga vizuri, leo na kila Jumatano mpaka tumalize shule. Hiyo ni ahadi. Ya kuacha wivu siahidi, wewe mwenyewe usingeniamini.

Lakini kuna jambo limeninyima raha tangu Chantal aniambie. Kama ulijua lile fundo la uongo, basi huenda huko uliko unajiuliza ni lipi nililokufunga siku ile, na Chantal nimemsukuma, na filimbi yako bado iko shingoni kwangu. Usijiulize, Espe. Kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia. Nilivuta ncha zote mbili, nikakagua, nikakagua tena, mpaka shangazi yako akaniambia inatosha.

Lala salama. Halifunguki.

Binome wako,
Nabintu