Mlango Unaojibamiza

Jumatatu, 3 Machi

Katika nchi hii hakuna mtu anayeijua milango kuliko mimi. Siandiki kwa kujisifu. Miaka yote niliyosimama bawabu pale hotelini, marais wamepita chini ya mkono huu na hakuna aliyegusa kitasa. Mwaka ule wa kimbunga niliufunga mlango mkuu peke yangu, upepo ukabaki nje unabisha hodi. Hoteli imekufa. Sasa nakaa kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ghorofa ya tano.

Humu kila chumba kina mlango mzito wa kuzuia moto. Juu una mkono wa chuma, unajifunga wenyewe. Ukiuachia tu — paa! Ukuta mzima unatetemeka. Mpwa wangu ni muuguzi, zamu yake ya usiku, analala mchana. Leo katoka chumbani macho mekundu. "Mjomba, nakuheshimu, lakini huo mlango wako utaniua." Nikamwambia, lala mama, kesho utasahau kama nyumba hii ina milango.

Karudi kulala. Nikatoka tena, kukagua. Paa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea msimamizi wa jengo. Tunamwita Funguo, akitembea analia kama njuga. Kasema kile kichupa cha chuma juu ya mlango kina mafuta ndani, na skrubu mbili. Moja inapunguza mwendo, nyingine inapunguza kishindo cha mwisho. "Robo mzunguko, mzee. Ukiitoa, umeua." Nikamjibu kwamba aliyemfundisha yeye nilimfundisha mimi. Kasema aliyemfundisha ni mama yake.

Nikapanda kwenye kiti na bisibisi. Robo — hakuna tofauti. Nusu. Mlango ukazidi. Nikaona huu unataka mkubwa mwenzake. Nikazungusha mpaka skrubu ikaniangukia mkononi, na mafuta yakafuata, taratibu, kwenye paji la uso. Nimeyafuta kwa fulana. Sikuona aibu wala hasira. Nilikaa kitandani nikaiangalia fulana.

Sasa haubamizi. Unapiga bunduki.

Jumatano, 5 Machi

Hakulala. Chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Karudi asubuhi, hata viatu hakuvua. Kakaa mezani. Anasema alichukua dawa ya kitanda cha nne akaipeleka kitanda cha tano. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeuliza, sista, mbona leo yangu ina rangi? Mkubwa wake kamwambia ikitokea tena, abaki nyumbani. "Mjomba, nisipolala nitaua mtu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikakata kandambili kuukuu, nikaipachika chini ya mlango kama kabari. Ukasimama wazi, mtulivu, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kabla ya adhuhuri Funguo kapanda kukitazama kile kichupa kilichovuja. Kabari kaitoa kwa ncha ya kiatu. "Mzee, moshi hauna adabu. Ukikuta mlango wazi unaingia mpaka kitandani." Nikamwambia mimi nimewahi kuzima moto kwa mate. Kasema basi niyaweke akiba, kandambili anaondoka nayo. Kichupa kipya Jumamosi.

Baada ya hapo siku ilipita. Sijui ilipita wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Naushika kwa mkono. Hii ndiyo kazi yangu, hakuna wa kunifundisha: kiganja ubavuni, unausindikiza pole pole mpaka ulimi wa kitasa uingie. Ila mara nyingine nina haraka, unaniponyoka.

Alasiri mpwa wangu kasimama koridoni, shuka mabegani. "Mjomba, kwani unakwenda wapi mara zote hizi?"

Ukaguzi, nikasema.

"Wa nini?"

Wa jumla.

Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka. Kasema nisimwelewe vibaya, lakini asipolala leo na kesho, Jumapili itabidi niende kwa mjomba mkubwa, kaka yangu. "Yeye ana chumba." Chumba anacho. Choo chake kiko nje, ng'ambo ya uwanja, wapangaji wote wanakipangia foleni.

Nikasema sawa. Nilisema kama mtu aliyeulizwa saa.

Jumamosi, 8 Machi

Funguo kafunga kichupa kipya. Robo hapa, robo kule, kashuka kitini. Kapitia na mlango wa choo. Yote sasa inakwenda kama paka aliyeiba jikoni. Mpwa wangu kaufungua wangu na kuuachia, kaufungua tena na kuuachia, katabasamu. "Haya Mjomba, mimi nalala."

Nimetoka, nimerudi, nimetoka. Hakuna kishindo. Ila nyumba ikinyamaza hivi, mengine yote yanasikika: kandambili zangu, swichi ya taa, maji ya choo yakishuka. Hilo sikulifikiria.

Haya naandika chooni, daftari gotini. Ameamka. Yuko nje, naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

"Mjomba, kumbe ni choo. Wiki nzima ni choo."

Nimemjibu naangalia bawaba.

"Achana na bawaba. Sasa nakuuliza kama muuguzi, si kama mtoto wako. Mkojo unatoka?"

Nimesema mkojo wangu mimi uliwahi kutoboa mwamba, waulize wazee. Hajacheka. Hajaondoka pia. Kakaa chini palepale, mgongo wake umeegemea mlango, nausikia.

Ukweli ni kwamba nimekaa hapa muda mrefu, bomba wazi ili asisikie, na kilichotoka ni tone.