Kuta Zilizokondeshwa

Jumatatu, 3 Machi
Kinyaa! Leo shemeji kawaonyesha wateja wodi ya wazazi kwenye skrini kubwa. Jengo la mbao, la ghorofa – kuta zitatoka kiwandani kamili, madirisha na matundu ya mabomba humo humo, huku ni kuunganisha tu. Ndiyo maana nimeisuka modeli kwenye kompyuta mapema yote hii. Humu kosa unalifuta. Mbao zikishakatwa, kosa linakuwa kuni. Kumbe bwana mkubwa kazikondesha kuta zangu kisirisiri! Vyumba vikaonekana vipana, korido utadhani uwanja. Daktari mkuu akapiga makofi, mama wa watu. Mimi nameza mate machungu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza. Kacheka, meno yote nje. Eti, "Shem, biashara ni macho. Kiwandani watarekebisha." Watarekebisha nini? Ukuta mwembamba haubebi ghorofa. Ukija mnene, korido inabana, kitanda hakikati kona. Mzazi anavuja damu, manesi wanasukuma, kitanda kimekwama! Nilimwambia hivyo hivyo. Yeye anachokonoa meno kwa ncha ya kadi yake ya kazi. Akaitazama. Akailamba. Ptuu!

Alhamisi, 6 Machi
Dada kapiga simu. Nisimwaibishe mumewe, kazi hii kanipa yeye. Dada huyu huyu, aliyeponea chupuchupu kwenye uzazi wake wa kwanza! Nimemkatia simu.

Ijumaa, 7 Machi
Kiwanda kinataka ruhusa, waanze kukata leo. Daktari kaja kuitoa. Shemeji kanishika bega: nimzungushie mama modeli, aione vizuri. Mkono una jasho – marashi yake yameniganda mpaka sasa.

Daktari akainamia skrini. "Binti yangu, kwenye kona hii kitanda kitapita?"

Shemeji akanijibia, "Kitateleza kama maji, mama!"

Kama maji! Shemeji alipogeuka kuagiza chai, nikafungua modeli yangu, ile ya kuta nene. Nikakiweka kitanda kwenye kona, kikakwama. Nikaomba kwenda chooni.

Ndipo nilipo. Naandika juu ya goti. Shemeji anasikika hadi huku, anaeleza, anatania. Sasa daktari anauliza kitu, polepole. Anauliza tena.

Utani umekatika. Viatu vinakuja koridoni. Shemeji ananiita – si "shem" tena, ananiita jina langu lote, mpaka la baba –