Viatu vya Shangazi Visivyo na Soli

Shangazi yangu mpendwa,

Misewe yako ya kuchezea ngoma imeingia makumbusho. Naanza na habari yenyewe kwa sababu nakujua, hukuwa na subira ya salamu ndefu. Iko nyuma ya kioo hapa Nairobi ninapofanya kazi, kando ya viatu vya zamani vya bale, ile dansi ya kizungu ya kusimamia ncha za vidole, vilivyotoka ng'ambo. Ni vya hariri, utepe wake umegeuka rangi ya chai, na ncha zake zimeshonwa na kushonwa tena kwa mkono wa mchezaji mwenyewe. Ungevipenda. Ungevisengenya pia.

Unakumbuka siku ile shambani kwetu Garsen, ngoma ilipoanza kulia kwa jirani ukaniambia nikuletee viatu vyako? Nilikimbia nikakuletea ndara. Uliziangalia, ukaniangalia na mimi, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Hizo za kwendea mtoni, mwanangu. Viatu vyangu viko ukutani."

Ukutani palikuwa na misewe tu, vile vifuko vidogo vya ukindu ulivyovisuka na kuvijaza mbegu. Ukaifunga miguuni, ukatoka pekupeku. Shuleni nikatangaza kwamba shangazi yangu ana viatu vinavyolia, wakanicheka mwezi mzima.

Mto ulipofurika ukafika mlangoni, ulitoka na kuku kwapani na misewe kichwani. Baba alikugombeza, mbona hukuokoa hata sufuria. Ukamjibu kwamba sufuria zinauzwa dukani.

Ulipotuacha, misewe ikawa yangu. Mwaka huu idara yetu ilipoandaa maonyesho ya viatu vya wachezaji, nikaileta. Kwanza iliwekwa kwenye friza ili wadudu wafe, kama nyama ya sikukuu, nami nikacheka peke yangu. Kisha mkuu wangu akaigeuzageuza na kusema kwa upole kwamba hii ni ala ya muziki, ipelekwe chumba cha chini pamoja na ngoma na zumari. Kiatu, akasema, ni kitu cha kukanyagia, na hii haina soli.

Shangazi, niliwaka. Chumba kile wageni hawashuki, wanapita juu kwa juu wakielekea mkahawani. Niliona kama unazikwa mara ya pili, na mara hii mimi nikiwa nimeshika koleo. Nikamwonyesha kiatu kimoja cha hariri, nikamwambia ajaribu kwenda nacho sokoni.

"Hata hiki si cha kutembelea. Ni cha kuchezea. Kwetu, cha kuchezea kinafungwa hapa," nikagusa kifundo cha mguu.

Akataka kujua kinavyofanya kazi. Hakuna karatasi ya kuikabidhi iliyokuwa imetiwa sahihi, misewe ilikuwa bado mali yangu, basi nikavua viatu vya ofisi nikaifunga. Mwanzo nilikuwa mzito kama gunia la mahindi. Halafu miguu ikakumbuka ulivyoifunza, kusugua kwanza, kukanyaga baadaye, na mabega yakafuata yenyewe. Mbegu zikalia chumba kizima. Wenzangu wakatoka maofisini mwao, mmoja akaanza kupiga makofi, vibaya lakini kwa moyo. Nilipokoma nilikuwa natokwa na jasho, na mkuu wangu anatabasamu.

"Iwekeni na viatu," akasema.

Mcheza kwao hutuzwa, husema watu. Wewe umetuzwa hata ugenini, na mimi najivuna waziwazi, wala siombi radhi. Ulikuwa mchezaji. Si mwanamke apendaye ngoma, si kichekesho cha harusini. Mchezaji, sawa na yeyote aliyewahi kufunga utepe ule wa hariri. Sasa imeandikwa kwenye kadi iliyo kando ya misewe, na jina lako kamili liko juu yake.

Leo tumefungua. Baba amekuja kwa basi kutoka Garsen, amevaa koti lake la kanisani katika joto hili. Tangu asubuhi amesimama mbele ya kioo chako. Nimempelekea kiti, amekataa. Nimempelekea chai, imepoa. Kila mgeni anayesimama kusoma, awe mtoto au mzungu, anamgusa bega na kumwambia, "Huyu ni dada yangu." Sauti imeshamkauka.

Pumzika kwa furaha, Shangazi. Walinzi wanafunga milango na kaka yako hataki kuondoka. Ngoja nikasimame naye kidogo.

Mimi,
binti wa kaka yako