Ukoko wa Mama Kulwa

Jumamosi, usiku

Na eti wakanipa vitunguu saumu nimenye. Mimi, ambaye kila sherehe hapa mtaani kwetu Ibadakuli anayeshika mwiko ni mimi.

Leo kwenye sendofu ya binti wa jirani, pilau kapewa Mama Kulwa. Hana hata mwaka tangu arudi kutoka Mwakitolyo, alikokuwa akiwapikia wachimbaji. Wanasema amezoea masufuria makubwa. Kwani mimi nilikuwa napikia kwenye vikombe?

Niliomba liungue. Mungu anisamehe, niliomba kweli, huku namenya. Pilau likatoka limechambuka, punje mbali punje mbali, na wageni wakawa wanapita jikoni kumshukuru: "Wabeja, Mama Kulwa, wabeja sana." Kwangu hakupita mtu.

Mpishi ndiye mwenye ukoko, hiyo ndiyo desturi yetu. Yeye akaukwangua wote, akautia kwenye bakuli, akanifuata nilipokaa. "Dada, chukua. Wameniambia siku zote huwa ni wako."

Bora angenitukana.

Nimefika nao nyumbani, nikamwekea Baba Neema mezani bila neno. Amekula mpaka makombo, akajifuta mikono. "Mama Neema, miaka yote hii, leo ndiyo umepika."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulishafunguka kabisa.

"Wabeja," nikamjibu.